Kitako cha mbambakofi

Wapiga shabaha wapya husifia mtutu. Mtutu kazi yake ni kunyooka tu. Mwenye maneno ni kitako, kwa sababu ndicho kinachogusana na mwili wako. Na mwili wangu una shingo ndefu na mikono mifupi, mpango ambao hakuna kiwanda kilichowahi kuuwaza. Kwenye shindano la bunduki ya upepo la mita 10 unapiga umesimama, huna pa kuegemea, na alama ya kumi yenyewe ni kidoa cha nusu milimita. Ukihangaisha shingo kutafuta tundu la kulengea, risasi inaangukia saba, na saba kwa wapiga shabaha ni aibu ya ukoo.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa Lamu anayechonga milango hapa Mombasa. Akanipima kutoka kiwiko kinapokunjika hadi kidole cha shahada, kipimo kinachoamua kifyatulio kikae umbali gani na bega. Akapima tena, hakuamini.

"Mwanangu, mikono hii umeazima kwa nani?"

Mimi nilitaka msaji. Yeye tayari kakumbatia gogo la mbambakofi, mbao ya milango, eti hailiwi na mchwa. Nikamweleza kwamba bunduki hailali nje.

"Mchwa hawaulizi," akanijibu, na mjadala ukafungwa.

Sasa, kwa sheria ya Kenya hata bunduki ya upepo ni silaha na inataka cheti, na fundi cheti hana. Kumwachia haiwezekani. Kila siku ya kazi nilishinda naye kwenye vumbi la randa, na jioni mimi na bunduki tukarudi nyumbani kama mzazi na mtoto aliyefukuzwa chuoni.

Lakini kazi yake, kusema haki, ilikuwa ya kutazamwa. Chuma kinapakwa masizi ya sufuria, kinalazwa kwenye mfereji wa mbao, kinainuliwa taratibu. Panapobaki weusi ndipo panapogusa, basi hapo patasi inaramba unyoya mmoja, si zaidi. Halafu masizi tena. Chuma kikibanwa upande mmoja, risasi nazo huhamia upande. Mzee alifanya hivyo kutwa nzima bila kusema neno, ila kumfukuza paka.

Kanuni za mashindano zinataka bunduki isizidi kilo 5.5. Tukaifungua chemba, tukaona haina kitu, tukaipandisha kwenye mizani ya muuza samaki wa jirani. Kilo sita na robo. Mteja mmoja akauliza kilo inakwenda shilingi ngapi. Ikabidi kitako kitobolewe kwa ndani kwa keekee, na mzee akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeumba uzito. Alipotaka kuchora nyororo na maua ya mlangoni nikakataa, kisha nikakubali pale pa kushika tu. Kaskazi ikivuma Mombasa kiganja kinatiririka jasho, na nakshi ile, nakiri, inashika kuliko mpira.

Ikabaki sehemu ya shavu. Hapo masizi hayakufaa, kwani kwenye shavu langu hayaonekani.

"Niletee rangi ya mdomo," akasema fundi.

Nikachukua iliyokuwa karibu, mezani pa mke wangu. Akaipaka kwenye mbao, nikafumba macho, nikapandisha bunduki begani, nikaacha shavu litue lenyewe. Nikifumbua, jicho halipo tunduni. Anakwangua, anapaka tena. Magharibi ikatukuta bado, nikaondoka mbio, shavu sijalifuta.

Mke wangu alinitazama mlangoni kwa muda mrefu. Nikaanza: fundi, mbambakofi, nusu milimita. Akainua mkono, nikanyamaza.

"Nyingine ningekuuliza ya nani," akasema. "Hii ni yangu. Ile ya Dubai."

Nilipomwonyesha kilichobaki, kisiki cha rangi kilichojaa unga wa mbao, alikwenda kulala bila kunipakulia chakula.

Na shavu bado halijakaa sawa. Kesho yake nikaingia duka la vipodozi kabla ya kwenda kwa fundi. Binti muuzaji akanipangia rangi kumi juu ya kioo, mkarimu kweli kweli.

"Wifi ni mweupe au maji ya kunde, nikuchagulie?"

"Ni mbambakofi," nikasema. "Nipe ya bei rahisi."