Fadhila za Kisu cha Mbatata

Tangu wanadamu walipojua kutunga maneno, upanga umesifiwa hata umechoka kusifiwa, farasi wa vita amepewa lakabu nyingi kuliko wana wa sultani, na bunduki, ambayo ni chombo cha juzi, imekwisha jipatia washairi wake. Lakini sijaona kalamu iliyoinama kwa taadhima mbele ya kisu kifupi cha kumenyea mbatata, ambacho katika Vita Vikuu vya Pili, nathubutu kusema, kilishikwa na askari wa Kimarekani wengi zaidi kuliko wale waliomwona adui kwa macho. Washairi wa pwani yetu wameusifu mnazi, nao ulistahili. Basi na iwe halali kwangu kukisifu chombo hiki, ambacho hakikuruzukiwa ala, wala nishani, wala mtu wa kukililia kipoteapo.

Mwezi wa Septemba 1940 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini, ilhali nchi yake haijaingia vitani bado, na jeshi ambalo katikati ya mwaka huo halikufika watu 300,000 likaanza kuumuka kama unga uliotiwa hamira, hata mwaka 1945 likawa na watu zaidi ya milioni 8. Karani wa benki, mchunga ng'ombe, mwalimu wa hesabu na mpiga zeze walichukuliwa kwa treni hadi kambi kama Fort Dix, Fort Bragg na Fort Benning, kila mmoja akidhani anakwenda kufundishwa kupigana. Silaha, maskini, hazikuwatosha: siku zile za mwanzo walikuwapo makuruta waliopiga kwata na vijiti mabegani, na malori yaliyoandikwa ubavuni kwamba ni vifaru, na kila mtu akatakiwa kwa adabu ayaogope. Lakini katika habari zote za uhaba huo sikupata kusoma kwamba kambi fulani ilikosa visu vya mbatata. Hapo ndipo cheo cha kitu hujulikana: mizinga ilingojewa, kisu kilikuwapo.

Kazi yenyewe jeshi la nchi hiyo liliiita upolisi wa jikoni, jina ambalo lilimdanganya kuruta kwa muda wa usiku mmoja. Alidhani atapewa rungu, na pengine mamlaka ya kumkamata mpishi, jambo ambalo wengi wangalilifanya kwa furaha hata bila ujira. Kulipokucha alielewa kwamba katika lugha ya kambi upolisi ni usafi, na kwamba watuhumiwa ni masufuria. Zamu ziliandikwa daftarini. Masajini walisamehewa, labda kwa kuwa tepe za mikononi zingelowa. Na mwenye kosa dogo, kama kifungo cha shati kilichosahauliwa au kitanda ambacho shuka lake halikukazwa, aliitwa kabla ya siku yake. Sijui ni wapi tena duniani ambapo mkosaji hutangulizwa mbele ya wenzake wema.

Na tazama adabu ya kumwita. Katika nyumba za mbao za ghorofa mbili, zilizojengwa mbiombio ili kila moja ilaze watu 63, mwenye zamu alifunga taulo yake miguuni pa kitanda kabla ya kulala, ili mlinzi wa usiku ajapo gizani amtambue, asije akamwamsha mtu asiye na hatia. Masultani wamepandisha bendera juu ya majumba yao kwa sababu dhaifu kuliko hiyo. Naye aliamshwa kabla ya tarumbeta, na hapa pana fadhila ambayo wenye haraka hawaioni. Irving Berlin, alipokuwa askari katika kambi ya Camp Upton mwaka 1918, alitunga wimbo mzima wa kulichukia tarumbeta la asubuhi, na mwaka 1942 akapanda jukwaani kuuimba tena, amevaa sare ya vita vile vya kwanza, kwa maana miaka 24 haikutosha kumpoza ghadhabu. Mwenye taulo hakuijua ghadhabu hiyo. Tarumbeta lilipolia alikuwa yu macho zamani, gunia la kwanza limekwisha, vidole vimekunjamana kwa maji, na alipowasikia wenzake wakilaani kule mabwenini aliweza kuwahurumia kama mzee anavyowahurumia watoto.

Aliketi juu ya kasha, kushoto gunia, kulia pipa la maji baridi, na kisu mkononi. Mbatata, mzaliwa wa milima ya Amerika ya Kusini aliyezunguka dunia nzima kabla ya kuangukia ndoo hiyo, ina macho mengi. Sajini wa jikoni alikuwa na mawili tu, lakini yaliyaona yote ya mbatata. Ukimenya nene, waambiwa unaitupa mali ya serikali. Ukimenya nyembamba, waulizwa kama waazimu kumaliza leo au siku ya amani. Mbatata zikiisha huja masinia, na masinia yakiisha huja masufuria yenye ukoko uliokwisha ishi miaka kadhaa, au hivyo huonekana. Kisha, ndani ya mtaro wa karo, kuna kichungi cha mafuta machafu, ambacho sitakisifu leo, kwa kuwa hata ufasaha una mipaka yake. Haya yote kwa mshahara wa dola 21 kwa mwezi, yaani senti 70 kwa siku, mpaka mwaka 1942 ulipopandishwa ukawa dola 50. Kisu hakikuongezewa kitu, wala hakikulalamika.

Fadhila iliyo kuu, hata hivyo, ni mazungumzo. Katika kwata mtu hutazama kisogo cha mwenziwe. Katika mbatata watu hutazamana. Hapo ndipo ilipojulikana kikosi kitapelekwa Ulaya au Pasifiki, na kama nguo za sufu zimegawiwa, ilijulikana kwa yakini kwamba ni kwenye joto, kwa sababu hakuna mmenyaji aliyekubali kwamba jeshi linaweza kutenda lililo wazi. Makamanda walikuwa na siri. Jikoni palikuwa na tafsiri yake. Na hapo wakili, aliyezoea kuwashinda watu kwa ulimi, alimwona kijana wa shamba akimaliza mbatata tatu yeye hajamaliza moja, akaonja kwa mara ya kwanza hukumu isiyo na rufaa.

Elimu nayo haikukosa kuchipua. Marion Hargrove, mwandishi wa gazeti mjini Charlotte, aliingia Fort Bragg mwaka 1941, na uzembe wake katika ukuruta ukampeleka jikoni mara nyingi kiasi kwamba alipata cha kuandika. Kitabu chake cha mwaka 1942 kiligombewa na wasomaji, na mwaka 1944 kikafanywa filamu. George Baker naye, katika gazeti la wanajeshi liitwalo Yank, alichora yule askari Sad Sack, asiyesema neno wala asiyefanikiwa katika lolote, na kila aliyewahi kufunga taulo alijiona. Sijasikia kitabu cha kuchekesha namna hiyo kilichozaliwa na mzinga.

Lipo jambo ambalo sifa zangu hukwama kooni nilifikiapo. Kisu hiki hakiulizi ngozi ya mshikaji, ya mbatata yakitosha. Jeshi ndilo lililouliza. Wamarekani weusi walitengwa kwa vikosi, mabweni na mabwalo yao, na wengi wakawekwa katika kazi za mikono na za utumishi, hata zamu kwao haikwisha kwa kufunguliwa taulo. Luteni Jackie Robinson, ambaye baadaye besiboli ilimpa jina, alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi huko Camp Hood, Texas, mwaka 1944, baada ya kukataa kuhamia nyuma ya basi, akaachiliwa. Nao mateka zaidi ya 400,000, wengi wao Wajerumani na wengine Waitalia, waliletwa nchini humo, na wengi wakapewa kazi za jikoni kambini, visu vikapita mikononi mwao. Na iko miji ambamo mateka hao waliandaliwa meza katika mikahawa iliyomfungia mlango askari mweusi aliyevaa sare ya taifa lenyewe. Mbatata hazikuhusika. Narudi ndooni.

Usiku, sakafu ya bwalo imekwisha pigwa maji, mmenyaji hurejea bwenini akinuka vitunguu na sabuni, huifungua taulo yake, na kumwona kuruta wa kitanda cha pili, aliyefika jana, akiifunga ya kwake kwa mafundo mawili, akiuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba polisi wa jikoni hupewa rungu. Naye, kwa kuwa sasa ni mkongwe, humjibu kwamba ndiyo.