Shumaisi Ipi, Dada?

Sisi Waswahili wa Riyadh kazi hatukuisomea darasani. Tumesomeshwa na simu. Kundi letu la WhatsApp lina walimu wa kila fani: wa kuangalia tarehe ya iqama (kibali cha ukaazi) kwenye programu ya serikali ya Absher, wa kupika kabsa wali usishikane, hata wa kumtuliza madamu aliyeamka vibaya. Ada hakuna, mtihani hakuna, na mwalimu akikosea hufuta ujumbe akaendelea kufundisha.

Kasoro ya shule hii ni moja: kila mtu hujibu kabla swali halijaisha.

Juzijuzi dada mmoja mfanyakazi wa nyumbani aliandika, “Jamani, napelekwa Shumaisi.” Simu ikaisha chaji.

Sasa, Shumaisi ziko mbili. Ya Riyadh ni mtaa wenye hospitali kubwa, King Saud Medical City, ambayo wengi bado huiita kwa jina la mtaa. Nyingine iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, kwenye barabara ya Jeddah na Makka, maeneo ya Hudaibiya, ambako Mtume (s.a.w.) alifunga mkataba na Maquraishi mwaka wa 6 Hijria, yaani 628. Anayekwenda umra huijua kwa historia hiyo. Aliyemkimbia kafili, yaani mwajiri mdhamini wake, huijua kwa kituo cha kuwashikilia wanaosubiri kurudishwa makwao.

Kundi likachagua ya pili, wala kura haikupigwa. Mtaalamu wa kutoa madoa kwenye zulia akageuka wakili, akatuma sauti ndefu kuhusu haki za mahabusi. Shangazi wa Jeddah akaahidi kwenda langoni na mkungu wa ndizi. Admini akafungua mchango, namba ya M-Pesa ikabandikwa, dua zikamiminika.

Jioni dada akapata chaja, shavu limevimba, jino limeshang'olewa. Akakuta dua, akaandika “Amin”, akaahidi riyali 50, ndipo akauliza, “Maskini, kakamatwa nani?”

Mhasibu akasema fedha hazirudi, zimeshaingia mfuko wa dharura. Tukauliza dharura ipi. Akajibu, “Jino.”

Admini ametunga kanuni mpya: taja mji kwanza. Kairekodi kwa sauti ya dakika tisa, na kanuni yenyewe inakuja dakika ya nane, baada ya salamu. Jana dereva mmoja kaandika, “Nimefika Shumaisi, foleni ndefu.” Namba ya M-Pesa imeshabandikwa.