Sensa Yangu Iko Njiani

Nina mashine ya kutotolesha vifaranga, na ndani yake mna sensa ya joto na unyevu isiyo na adabu. Naangalia kioo, kinasema nyuzi 37.5, naenda zangu kulala. Kumbe namba ile ni ya jana mchana! Sensa imeshika saa.

Si saa ya ukutani. Sensa na mikrokontrola, kompyuta ndogo inayoiongoza mashine, huzungumza kwa mfumo uitwao I2C, uliobuniwa na Philips mwaka 1982. Waya mmoja hubeba data, wa pili mapigo ya saa: kila pigo, biti moja. Mikrokontrola ndiyo inayopiga, na kwa mwendo wa kawaida hufika mapigo 100,000 kwa sekunde. Mpaka hapo sina neno.

Tatizo ni ruhusa. Waya wa saa huvutwa juu na rezista, ila kifaa chochote kilichoungwa hapo chaweza kuuvuta chini, na mmoja akiuvuta, uko chini kwa wote. Sensa ikielemewa na kazi hufanya hivyo hivyo, na mikrokontrola hukaa kuisubiri. Ni yule mgeni anayekwambia "niko njiani" na bado anatafuta soksi. Zipo sensa zinazokaa hivyo hadi milisekunde 85 kupima joto tu, muda wa kutosha mapigo 8,500.

Na tusubiri mpaka lini? Sheria za I2C hazisemi. Waungwana wa SMBus, mfumo uliotokana nayo, waliweka kikomo: milisekunde 35, kisha vifaa vianze upya. Kinachoniudhi zaidi, waya wa data ukinasa dawa ipo: mikrokontrola hupiga mapigo tisa, sensa ikaachia. Waya wa saa ukinasa utapiga nini, na saa yenyewe imekamatwa? Ushauri rasmi ni kuzima na kuwasha. Hata fundi redio wa mtaani kwetu angeniambia hilo, tena bure.

Wengine hunisifia SPI, mfumo mwingine wa mazungumzo hayo. Kule saa ni ya mikrokontrola peke yake. Ukichelewa, shauri yako, biti zimeshapita. Naupenda ukali huo, ila hutaka nyaya zaidi, na kuna namna nne za kupatana pigo lisomwe lini. Msipopatana, mnasomeana upuuzi.

Basi ninyi mnaotuuzia mashine hizi, wekeni kikomo cha kusubiri kwenye programu. Kikipita, sensa ikatiwe umeme na kuwashwa upya, na kioo kionyeshe vistari, si namba ya jana.