Karatasi Tano za Picha za Rangi, Kutoka ya Mkiani

Hapa Kakanda, kwenye migodi ya Kongo, karatasi ina mtihani mmoja tu: jiwe la malakiti, kijani kibichi, limelala juu ya udongo mwekundu. Ikishindwa kuvitenganisha, ifungie karanga.

5. Ya nyeusi na nyeupe. Raha yake ni kusafisha picha chini ya taa nyekundu huku mkipiga soga. Ila karatasi ya kawaida ya aina hii huona hasa mwanga wa bluu. Ichapie negativu ya rangi: malakiti nyeusi, udongo mweusi, mbingu nyeupe pee. Watu watakuuliza makaa hayo unauza gunia bei gani.

4. Cibachrome. Rangi zake zilidumu, hilo tusibishane. Lakini ilikuwa ya slaidi. Ukiipa negativu inakurudishia negativu, tena kubwa: bibi harusi mwenye shela jeusi. Nenda kamweleze baba mkwe. Na haitengenezwi tena.

3. Ya kung'aa. Rangi zinaruka hadi mlangoni. Vumbi la kiangazi nalo linaipenda, na kila shangazi anayeshikishwa picha anaacha kidole gumba chake pale kwenye paji la uso.

2. Kodak Endura Metallic. Inameremeta. Piga picha mabamba ya shaba, hutajuta. Piga picha mchungaji, atatoka kama aliyeyeyushwa kiwandani. Wanunuzi wa madini wasihangaike: hakuna la kupima humo.

1. Fujicolor Crystal Archive, yenye uso wa chembechembe. Vidole havionekani sana, na kijani kinakaa mbali na udongo. Masharti sasa. Karatasi ya rangi huona rangi zote, kwa hiyo ni giza totoro, taa nyekundu mpe jirani. Dawa ya kusafishia karatasi hii, RA-4, inataka nyuzi 35 kwa sekunde 45 hivi. Umeme ukilegea, taa ya mashine ya kukuzia inakuwa nyekundu zaidi, na picha inakimbilia ubluu wa kijani. Nunua kidhibiti umeme kabla hujamlaumu Mjapani. Halafu kuna hili la kuvuruga akili: picha ikiwa nyekundu mno, unaongeza filta ya manjano na ya majenta, yaani unatibu wekundu kwa wekundu. Inafanya kazi. Na kama umepata ya roli, utaikata gizani, basi hesabu vidole kabla ya kuanza.