Paka Ana Kisukari, Miiko Ni ya Nyumba Nzima

Daktari wa mifugo akishasema paka wako ana kisukari, swali la kwanza nyumbani huwa moja tu: nani kampa sukari? Macho yote yanamgeukia mtoto mdogo, aliyewahi kufumwa akimlambisha paka aiskrimu. Mwachieni mtoto. Paka haonji utamu. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba kinasaba kimojawapo kati ya viwili vinavyouwezesha ulimi kutambua utamu kimeharibika kwa paka wa nyumbani, na kwa chui milia na duma vilevile. Aiskrimu ile hakuifuata kwa sukari yake. Washtakiwa halisi ni watu wazima: anayekomba ugali wa sufuriani na kumwekea paka, anayemchovyea mkate kwenye chai ya maziwa, na yule anayesema paka mnene ni dalili ya nyumba yenye neema.

Mwongozo huu ni wa hao watu wazima. Ugonjwa wenyewe unafanana sana na kisukari cha ukubwani cha binadamu. Kongosho bado linajitahidi kutoa insulini, ila mwili umekuwa mgumu kuitikia, na kongosho nalo linachoka. Unawapata zaidi madume waliohasiwa, wenye umri wa miaka 7 hivi kwenda juu, wazito, wasiotoka nje. Wengine umewajia baada ya kutumia dawa za steroidi muda mrefu. Paka anakunywa maji mpaka anapanda kwenye ndoo ya bafuni. Mchanga wa beseni lake unaloa kila unapogeuka. Anakula kwa pupa, na bado uti wa mgongo unachomoza. Wapo ambao miguu ya nyuma hulegea wakaanza kukanyagia visigino badala ya vidole. Hiyo ni mishipa ya fahamu iliyoumizwa na sukari, na mara nyingi hutengemaa sukari ikidhibitiwa.

Kabla hamjalia, hakikisheni ugonjwa umethibitishwa. Paka aliyepakiwa bajaji ndani ya kikapu, akipiga kelele njia nzima, sukari yake hupanda kwa hofu tu. Kwa hiyo daktari makini hatosheki na kipimo kimoja cha damu. Atapima mkojo, na akiweza atapima fruktosamini, ambayo huonyesha hali ya sukari kwa wiki kadhaa zilizopita. Yakikubaliana hayo na dalili za nyumbani, jibu mnalo.

Sasa itisheni baraza la nyumba. Aje baba, mama, bibi, watoto wenye akili timamu, na dada wa kazi, ambaye ndiye anayejua kwa uhakika paka anakula nini. Ajenda ni daftari. Nunueni daftari la shule la kawaida, lifungeni kalamu kwa kamba, mlitundike jikoni. Kila sindano inaandikwa: saa, kiasi, aliyechoma, na kama paka amekula. Insulini ya paka kwa kawaida huchomwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, na hapa Kiswahili kimetufaa: saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, hakuna wa kuchanganyikiwa. Bila daftari, baba atachoma akiwahi kazini, mama ataamka na kuchoma tena, na huruma ya watu wawili itamwangusha paka mmoja. Mwiko mkubwa wa nyumba ndio huu: ukiwa huna uhakika kama amechomwa, usichome. Kukosa sindano moja kunapandisha sukari kwa saa chache. Kumzidishia dozi kunaweza kumuua. Wala usije ukachoma mara mbili ili kufidia ile iliyosahauliwa.

Baraza halijaisha mpaka jirani apewe taarifa, kwa sababu paka wa uswahilini ana nyumba mbili au tatu. Nenda kwa yule mama anayekaanga samaki barazani.

“Shikamoo mama. Paka wetu amepatikana na sukari.”

“Marahaba. Sukari? Paka?”

“Ndiyo mama. Tunamchoma sindano. Naomba mkate na chapati usimpe.”

“Hata kichwa cha kibua?”

“Kichwa mpe, kisiwe na unga wala pilipili. Ila utuambie, tuandike.”

Huo ndio msimamo sahihi. Samaki hana wanga. Adui ni wanga, na mlo ambao haukuandikwa popote.

Paka ni mla nyama wa kuzaliwa. Mwili wake umezoea kutengeneza nguvu kutokana na protini na mafuta, na ini lake halimudu vizuri mzigo mkubwa wa wanga unaoingia kwa mkupuo. Ugali na dagaa, mlo tuliowalishia paka wetu vizazi kwa vizazi, una dagaa mzuri na ugali usiomfaa mgonjwa huyu. Chakula kikavu cha punje nacho, hata kile cha bei mbaya, mara nyingi kina wanga mwingi kuliko cha kopo. Kwa hiyo kama mfuko unaruhusu, nunua cha kopo chenye nyama nyingi. Kama hauruhusu, kuku wa kuchemsha, moyo, samaki aliyepikwa akatolewa miiba, na ini kidogo vinaweza kupangwa vizuri, ila mpange na daktari. Ini likizidi linaleta vitamini A kupita kiasi na kuharibu mifupa. Samaki wa mafuta peke yake kila siku humletea ugonjwa mwingine. Nyama tupu haina kalisi ya kutosha. Kitunguu kisiingie kabisa, kinaharibu damu ya paka.

Kuna mambo mawili ya chakula ambayo watu wenye nia njema hukosea. La kwanza, msimshindishe njaa ili apungue. Paka hafungi. Paka mnene asipokula siku chache mafuta hujaa kwenye ini, na hapo mtakuwa na wagonjwa wawili ndani ya ngozi moja. Apunguzwe taratibu. La pili, msibadilishe chakula kimyakimya wakati anachomwa insulini. Ukimwondolea wanga leo, sukari inaweza kushuka ghafla, na dozi iliyomfaa jana ikawa kubwa mno. Mpigieni daktari kwanza.

Tuje kwenye bomba la sindano, na hapa naomba msome polepole. Insulini nyingi za binadamu katika maduka yetu ya dawa ni za uniti 100 kwa kila mililita. Baadhi ya zile za wanyama, kama Caninsulin na ProZinc, ni za uniti 40. Kila moja ina bomba lake, lenye mistari yake. Kwa kawaida kofia ya chungwa ni ya 100 na nyekundu ni ya 40, lakini msitegemee rangi. Someni maandishi ubavuni. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, paka anapata mara mbili na nusu ya dozi yake. Hesabu hiyo ifanyeni pamoja kwenye baraza, kila mtu ashike bomba, auone mstari wa uniti 1. Paka wengi huanzia karibu na hapo, uniti 1 asubuhi na 1 jioni, na uniti 1 ya insulini ya 100 ni sehemu moja ya mia ya mililita, tone dogo kama chozi. Kiputo kimoja tu cha hewa ndani ya bomba kinaweza kula hata nusu ya dozi. Kwa hiyo bibi, hata kama na wewe unajichoma, insulini yako si ya paka mpaka daktari wa mifugo aseme. Bibi mwenye uniti 20 na paka mwenye uniti 1 hawawezi kukopeshana kwa kukadiria kwa macho. Vidonge vyako vya metformini navyo vibaki kwenye pochi yako, havimsaidii paka. Vipo vidonge na dawa za maji za paka wenyewe, zilizoidhinishwa Marekani kuanzia Desemba 2022, lakini zina masharti makali: paka awe hajawahi kutumia insulini, na afuatiliwe kwa karibu.

Insulini inakaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Isigusane na barafu. Ikiganda, itupeni hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Umeme ukikatika, msifungue friji kila dakika kuangalia kama dawa iko salama. Asiye na friji atumie vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowanishwa katikati, kivulini penye upepo. Njia hii hupoza vizuri zaidi Dodoma, kwenye hewa kavu, kuliko Tanga au Mombasa ambako hewa imeshiba maji. Kuhusu kutikisa chupa, ulizeni: dawa nyingine huviringishwa polepole viganjani, nyingine hutikiswa, nyingine haziguswi.

Kuchoma kwenyewe ndiko kunakoogopwa zaidi, na ndiko kwepesi zaidi. Mwekee chakula. Akishainamisha kichwa na kuanza kula, pitisha mkono ubavuni, inua ngozi kwa vidole viwili mpaka isimame kama hema dogo, ingiza sindano chini ya ngozi iliyoinuka, sukuma, toa. Angalia usitokezee upande wa pili. Ukiona manyoya yamelowa na kunanukia dawa, dozi au sehemu yake imemwagika. Usirudie, andika, subiri zamu inayofuata. Badilisha ubavu kila mara. Na akikataa kula kabisa, usichome dozi kamili kwa mazoea, mpigie daktari. Sindano iliyotumika iingie kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko. Isitupwe jalalani, watoto wanapochezea.

Kisha kila mtu aijue sura ya sukari iliyoshuka. Paka anayumba, anaduwaa, anatetemeka, anajificha chini ya kitanda bila sababu, au anaanguka na kukakamaa kwa degedege. Hapo asali ndiyo dawa. Mpakeni asali au glukosi kwenye fizi, kidogo kidogo. Msimmiminie kitu kinywani akiwa hajitambui, kitaingia mapafuni. Akizinduka mpeni chakula, na hata akionekana mzima apelekwe kwa daktari. Kibuyu cha asali kikae palepale lilipo daftari. Upande wa pili, paka mwenye kisukari anayetapika, aliyeacha kula, amelegea, na pumzi yake ina harufu kali ya kemikali, damu yake inageuka asidi. Hiyo ni ya hospitali usiku uleule.

Kupima nyumbani kunawezekana. Kipimo cha sukari cha binadamu kinafaa, tone la damu likitolewa kwenye ukingo wa sikio lililopashwa joto kidogo kwa kitambaa. Vipimo hivyo vya binadamu kwa kawaida husoma chini kidogo ya ukweli kwa damu ya paka, kwa hiyo tumieni kilekile kila siku na mwambieni daktari ni cha aina gani. Paka mzima huwa karibu na 4 hadi 8 kwa kipimo cha milimoli. Anayetibiwa hahitaji kufika huko kila saa. Namba moja isiwafanye mpandishe dozi. Pelekeni daftari lote, daktari asome mwenendo.

Najua wapo wanaosema pesa zote hizi kwa paka ni ufujaji, akatupwe sokoni apate vichwa vya samaki. Siwakubalii. Mnyama uliyemfungia ndani, ukamhasi, ukamlisha mkate wako mpaka akaugua, ana haki juu yako. Na huduma hii si lazima iwe ya maisha. Paka ana bahati ambayo binadamu wengi hawana: sukari ikidhibitiwa mapema, na wanga ukiondolewa, baadhi yao kongosho hurudi kazini wakaishi bila sindano kwa miezi au miaka, ingawa ugonjwa unaweza kurudi na kipimo hakiachwi. Nafasi hiyo huwa kubwa zaidi kwa waliotibiwa mapema, na hupungua kadiri mnavyosubiri. Kwa hiyo kama paka wako ameanza kuisaka ndoo ya bafuni, usingoje akonde. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii.