Barua ya Wazi kwa Diwani ya Leseni za Windows

Kwa Janabu Wakuu wa Microsoft, mkaao Redmond, jimbo la Washington, Marekani.

Sisi wenye kompyuta za majumbani katika Afrika Mashariki, ambao mashine zetu nyingi zilikwisha fanya kazi katika ofisi za Ulaya kabla ya kutufikia Kariakoo na barabara ya Luthuli na kuuzwa kwa lakabu ya heshima ya eksi-UK, tumeona ni wajibu wetu kuwashukuruni hadharani, maana shukrani ya faraghani haiwatoshi watu wa daraja yenu.

Tunawashukuruni kwanza kwa kutusahihishia maana ya milki. Wazee wetu, kwa uchache wa elimu yao, walidhani kwamba mtu akiisha toa thamani ya kitu na kukabidhiwa mbele ya mashahidi, kitu hicho huwa chake na mwuzaji hushika njia. Lakini tangu mwaka 2001, mlipoitoa Windows XP pamoja na sharti lake la kuithibitisha kwenu kabla muhula haujapita, tumejifunza kwamba tulichokinunua ni ruhusa tu, nayo ruhusa huweza kuulizwa. Seremala ambaye angemwuzia mtu kitanda, kisha akarudi kuhesabu misumari kabla ya kumpa mnunuzi idhini ya kulala, pwani yetu angeburutwa kwa kadhi. Nanyi mmeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na watu wamewalipa.

Hebu tuutazame ufunguo wenyewe. Una herufi na tarakimu 25 zilizopangwa katika mafungu matano, wala ndani yake hamna irabu hata moja, hivyo Mswahili, ambaye maneno yake karibu yote humalizikia katika irabu, hupewa atamke lisilotamkika, tena kwa sauti, huku mwanawe akiandika. Zama za Windows 7 ufunguo huo ulichapwa juu ya kibandiko chini ya tumbo la laptopu, mahali pale pale ambapo joto la mashine, mapaja ya mwenyewe na mikono ya wachukuzi wa bandarini hukutana. Hata ikifika kwetu husalia Q mbili, T moja, na kivuli cha kitu ambacho kwa mwanga wa asubuhi ni 8 na kwa mwanga wa taa ni B. Na intaneti ilipogoma, hadi mwaka 2025 mlitufungulia mlango wa simu: mtu aliisomea sauti yenu isiyo na mwili tarakimu 63, nayo ikiridhika ilimrudishia nyingine 48 azichape. Hesabu ya muda wa maongezi ilikuwa juu yake.

Anayeshindwa hamumtii gerezani. Mnamwandikia tu kwenye pembe ya kulia chini ya kioo, kwa wino wa kijivu wenye adabu, kwamba aende katika mipangilio akaithibitishe Windows, na katika mipangilio hiyo mnamzuilia kubadili picha ya nyuma, ijapokuwa alichotaka kuweka ni sura ya bintiye siku ya nikahi. Adhabu laini namna hii, na yenye kudumu namna hii, haijapata kubuniwa na sultani yeyote wa mwambao huu.

Tena kuna shani ya mazabodi. Leseni iliyozaliwa pamoja na kompyuta kiwandani mmeifunga katika ubao huo mkuu, na umeme wetu, ambao huondoka bila kuaga na kurejea kwa kishindo, una ada ya kuunguza ubao huo. Fundi akiisha tia mwingine wa namna tofauti, mbele ya macho yenu kompyuta ile ni mgeni aliyeingia mjini jana, na leseni imekufa pamoja na marehemu. Ila yule aliyenunua leseni ya dukani, ambayo ikiwa ya toleo la Home kwenu Marekani huuzwa dola 139, huyo huruhusiwa kuhama nayo. Ndiyo sababu fundi wa mtaani, ambaye kwa flashi moja hupiga windo kompyuta ya mtu huku akinywa chai wala hamwombi herufi hata moja, ana wateja wengi kuliko haki yake. Hatumtetei. Twasema tu kwamba foleni yake mmeipanga ninyi.

Sasa tuingie katika fadhila kubwa. Mwezi wa Mei 2015, katika mkutano wenu wa Chicago, mtumishi wenu mmoja alitangaza kwamba Windows 10 ndiyo ya mwisho. Julai 29 mwaka huo ikatoka, mkaigawa bure kwa wenye Windows 7 na 8.1, nasi tukaomba dua. Oktoba 14, 2025 mkaiacha mkono. Windows 11, mliyokwisha itoa tangu Oktoba 2021, nayo ni bure kwa mwenye leseni halali ya 10, mradi mashine yake iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa zile za Intel, kwa kawaida yapasa iwe ya kizazi cha nane au baada yake. Hivyo mmeleta nasaba katika mashine: kompyuta dhaifu yenye GB 4 za kumbukumbu, ikiwa imezaliwa mwaka unaofaa, huingia kwa bismillahi, na yenye GB 16, iliyo nzima kiafya, ya kizazi cha saba, hurudishwa mlangoni. Miongoni mwa wachache wa kizazi hicho waliosamehewa ni prosesa iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta mliyoiuza ninyi wenyewe. Tunawapongeza kwa kuwakumbuka jamaa.

Wako vijana wetu waliokwisha hamia Linux, isiyodai ufunguo wala ukoo. Wengi wetu hatujawafuata, kwa kuwa hesabu za duka na barua za shule zimo katika mafaili yenu, nanyi mwalijua hilo vyema kuliko sisi.

Kwa waliobaki nyuma mmetoa muhula hadi Oktoba 13, 2026: mtu alipe dola 30, au atoe pointi 1,000 za kutafuta mambo kwa Bing, au akubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenu. Watu wa Eneo la Uchumi la Ulaya mmewaondolea masharti hayo, watosheke kuingia kwa akaunti. Ombi letu ni dogo. Mashine za Kariakoo na Luthuli zilizotumika Ujerumani na Uholanzi zihesabiwe kuwa bado ni za Ulaya. Zile zilizotoka Uingereza, ambayo nayo ilikwisha jitoa katika Umoja wa Ulaya, tutaziombea peke yake. Leseni nayo imfuate mtu aliyeilipia, iuache ubao ufe kwa ajali yake. Na ikiwa hata hayo ni mazito kwenu, basi turuhusuni kubadili picha.

Wenu watiifu,
Wenye Kizazi cha Saba