Sifa za Laki Nane Zilizolala

Nina laki nane za baht katika benki moja ya Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, na kazi yake ni kulala. Hazinunui kitu. Hazijengi, hazizungushwi, hazichangii harusi ya mtu. Wastaafu wenzangu, Waingereza na Wajerumani na Wamarekani, wakikutana kwenye kahawa hawana jingine ila kuzilaani. Nimewasikiliza miaka sita sasa na naona hawazitendei haki. Washairi wetu wa pwani wamesifu mnazi, wamesifu jahazi, wengine wamesifu hata tambuu. Sijamsikia hata mmoja akiisifu amana ya viza. Basi leo naisifu mimi.

Kwa asiyejua habari hizi: Thailand humruhusu mgeni aliyefikisha miaka 50 kukaa kwa sababu ya kustaafu, mwaka mmoja mmoja. Aonyeshe mapato ya baht 65,000 kwa mwezi, au baht 800,000 katika benki ya humo humo nchini kwa jina lake, au achanganye viwili hivyo mpaka vitimie laki nane kwa mwaka. Laki nane ni dola 22,000 mpaka 25,000, kutegemea soko limeamkaje. Kwa fedha ya Tanzania ni zaidi ya shilingi milioni hamsini. Pensheni yangu ya udereva wa basi, miaka 31 katika barabara za Leicester, haizifikii hizo 65,000. Hata ingezifikia, kuthibitisha kungekuwa kazi, maana balozi za Uingereza, Marekani na Australia ziliacha kuandika barua za mapato tangu mwanzo wa 2019. Ikabaki amana.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba tunafanana. Kwetu Tanga mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Thailand ni kinyume: mgeni mstaafu akishika jembe la mtu amevunja sheria. Viza yangu hainiruhusu kazi yoyote, hata ya kujitolea, bila kibali cha kazi. Jirani aliwahi kuniomba niwafundishe wanawe Kiingereza kwa malipo ya maembe. Nikamwambia embe nalo ni ujira, akacheka, nami sikucheka. Jioni hiyo ndipo nilipozielewa laki nane zangu. Nazo zimekatazwa kazi. Zimepewa kiti, zimeambiwa zikae, na kila mwaka anakuja mtu kuhakikisha kwamba bado zimekaa. Na kwa kuwa serikali ya Uingereza haiwaongezei pensheni ya serikali wanaoishi Thailand (Tanzania nayo haimo katika nchi zinazoongezewa, msiniambie ningerudi nyumbani), pensheni yangu hiyo itabaki pale pale ilipoanzia mpaka nizikwe. Tumekuwa wastaafu watatu katika nyumba moja, na hakuna anayemwonea mwenzake wivu.

Kuzilaza hakukuwa jambo jepesi. Tawi la kwanza nililoingia walitaka viza ya muda mrefu kabla ya kunifungulia akaunti. Uhamiaji nao walitaka akaunti yenye laki nane kabla ya kunipa hiyo viza. Nikawa nasai baina ya madirisha mawili kama haji baina ya Safa na Marwa, na mara saba zikatimia. Tawi la pili likanipokea kwa pasipoti, hati ya makazi, namba ya simu ya hapa, na bima ya ajali ambayo sikuiomba. Nilikuwa na miaka 62. Nimeendesha basi maisha yangu yote bila kugonga hata baiskeli, halafu nikakatiwa bima ya ajali baada ya kuacha usukani. Lakini binti wa dirishani alikunja viganja akaniinamia kwa heshima ambayo abiria wangu wa Leicester hawakuwahi kunionyesha. Nikalipa.

Kisha fedha zikatoka Uingereza timamu, zikafika pungufu ya baht 412. Njiani benki ya kati ilikuwa imejilipa. Mimi niliyekata watu nauli miongo mitatu sikuwa na la kusema. Tatizo ni kwamba Uhamiaji hawahesabu karibu na laki nane, wanahesabu laki nane, na miezi miwili ya kungojea huanza siku zilipotimia. Nikaongeza elfu tano juu ili zisipungue tena, na hizo naziita chumvi. Mstaafu yeyote mwenye akili huku ana chumvi yake.

Miezi hiyo ndiyo inayowatoa watu machozi, nami ndiyo ninayoipenda zaidi. Zamani mtu akishapigiwa muhuri aliweza kuzitoa fedha zote siku hiyo hiyo. Tangu Machi 2019, ambao kwa kalenda yao ya Kibuddha ulikuwa mwaka 2562, mambo yakapangwa upya. Laki nane zikae kamili miezi miwili kabla ya kuomba, zikae kamili miezi mitatu baada ya kupewa, na miezi iliyobaki zisishuke chini ya laki nne. Wazungu wanaona hii ni adhabu. Mtu aliyelelewa kwenye saumu haioni hivyo. Ni miezi mitano ya kufunga kikamilifu na miezi saba ya kuruhusiwa kula nusu sahani, kisha mwezi unaandama upya. Mimi hata hiyo nusu siigusi. Nimekuwa mtu wa sunna, nafunga mwaka mzima.

Aliyeoa Mthai huwekewa kiwango cha laki nne tu. Kwa hesabu ya Uhamiaji, basi, mke anazijaza laki nne nyingine. Wajane kama mimi tunajazia wenyewe.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kibubu cha mti mvunguni mwa kitanda. Aliniambia jina hilo lina maana: bubu hasemi, kwa hiyo hawezi kumwambia mtu ana kiasi gani. Kasoro ya kibubu cha bibi ilikuwa moja, panga. Kila msiba na kila ada ya shule ilikivunja, fundi akatengeneza kingine. Kibubu changu cha Chiang Mai hakivunjiki kwa panga. Kinalindwa na polisi, na hili si kutia chumvi, kwa kuwa Uhamiaji wa Thailand ni idara ya jeshi la polisi. Sikiliza faida yake.

Mpwa wangu alinipigia kutoka Tanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjomba, nasikia una milioni hamsini na kitu zimelala tu huko."

"Zimelala kwa amri ya polisi."

Akanyamaza kidogo. "Wamezikamata?"

"Hawajazikamata. Wamenizuia nisizitoe."

"Kwa kosa gani?"

"Uzee."

Alikuwa anataka bajaji mbili. Ningekuwa kwetu Ngamiani, Tanga, bajaji hizo zingekuwa barabarani mwezi ule ule, moja ingegonga mwezi wa pili, na mimi ningeitwa kwenye kikao cha ukoo kusuluhisha. Nimefikiri sana kuhusu jambo hili. Nyumbani fedha ya mstaafu hailali. Kiinua mgongo kinaingia Jumatatu, Ijumaa kimeshakuwa bati la mtu, mahari ya mtu, kamati ya harusi yenye mwenyekiti na mweka hazina. Sisemi ni vibaya, ndivyo tulivyolelewa, na aliyenilipia nauli ya kwanza ya Uingereza naye alikuwa mjomba. Lakini kusema "sina" wakati ninazo ni uongo, na kusema "sitaki" ni ubaya. Laki nane zimenipa neno la tatu, ambalo Kiswahili kilikuwa hakijanipa: "Hawataki." Naweza kukataa huku nikilalamika pamoja na anayekopa.

Wapo wanaosema fedha iliyolala inaliwa na panya. Tuseme benki inatoa nusu asilimia kwa mwaka, na viwango vya akiba ya kawaida huku ni vya namna hiyo. Laki nane zitazaa baht 4,000. Ada ya kuongezewa mwaka ni 1,900, na kibali cha kutoka na kuingia nchini mara nyingi ni 3,800. Jumla 5,700. Mtoto hawezi kulipa hata gharama za kumtunza mama yake. Hesabu hiyo nimeifanya na sikuumia, kwa kuwa riba siihitaji. Kinachonihusu ni zaka. Mali iliyokaa mwaka mzima juu ya nisabu ina haki ya watu ndani yake, asilimia mbili na nusu, na hakuna mali duniani iliyothibitishwa kukaa mwaka mzima kama hii yangu. Nina muhuri wa polisi. Baht 20,000 kila mwaka natoa kutoka mfuko mwingine, nazipeleka msikiti wa Ban Ho, wanakoswali wajukuu wa Waislamu wa Yunnan, ambao hawajawahi kuniuliza zile nyingine zinafanya nini.

Tena hazitishiki. Tarehe 2 Julai 1997 Thailand iliiachia baht ielee, nayo ikazama. Kutoka 25 kwa dola, Januari 1998 ilikuwa imepita 50. Laki nane zilizokuwa na thamani ya dola 32,000 zikawa chini ya dola 16,000 bila mwenyewe kutoa hata senti. Lakini ukifungua kitabu cha benki unakuta laki nane zako zimekaa, wala hazina habari. Mfanyabiashara angekufa kwa shinikizo la damu. Amana ya mstaafu iligeukia upande wa pili ikaendelea kulala. Siku hizi serikali inakinga amana mpaka baht milioni moja kwa kila mteja katika kila benki, kwa hiyo hata benki ikianguka, usingizi haukatizwi.

Nchi nyingine zimejaribu njia zao na zimekosea. Malaysia mwaka 2021 walipandisha amana ya mgeni mpaka ringgit milioni moja, pamoja na mapato ya ringgit 40,000 kwa mwezi. Mtu wa kiwango hicho hajastaafu, amepumzika tu kidogo. Ufilipino amana huwekwa kwa dola na unaweza kuibadili ukanunua fleti, yaani fedha imerudishwa kazini, basi nini maana ya kustaafu? Na jirani zetu Kenya wana kibali chao cha daraja K, ambacho hakitaki amana, kinataka mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka, na mwombaji awe amefikisha miaka 35. Miaka 35! Fedha inaingia na kutoka Malindi na Diani, mikahawa inajaa, mafundi wanapata kazi. Mambo ya purukushani.

Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari wanaliheshimu. Asubuhi ya siku ya kuomba, kitabu lazima kionyeshe tarehe ya siku hiyo hiyo. Sasa kama fedha haikutikisika, kitaandika nini? Kwa hiyo kila mwaka naweka baht mia moja. Naingia benki nikiwa nimevaa vizuri, nachukua namba, nangoja dakika arobaini, namkabidhi binti noti moja. Anaipokea kwa mikono miwili. Mashine inapiga kelele, mstari mmoja unaongezeka, kitabu kinanirudia kwa mikono miwili. Kisha barua ya benki, nakala ya kila ukurasa na sahihi yangu kwenye kila nakala, picha ya sentimita nne kwa sita, na ramani ya kufika kwangu niliyoichora kwa mkono. Ramani yangu ina mkwaju, duka la nguo za kukodi na mbwa. Mbwa alikufa mwaka juzi, ila ofisa alishamzoea nikaona nisimfute.

Jambo moja sijalipatia jibu. Nikifa, benki ikishapata habari itafunga akaunti, na mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi hakuna atakayezigusa, hata kwa sanda. Mpwa wangu nimemweleza. Ameuliza kama anaweza kuja kuwa msimamizi na nauli nitamtumia lini. Nimemwambia nauli si sehemu ya laki nane.

Mwezi ujao ni zamu yangu tena. Kitabu ninacho, chumvi ipo, ramani iko tayari. Ada ni baht 1,900, taslimu, na haikatwi kwenye amana.